Kiboko Alivyojifunza Maandishi ya Kale

Jamani, mpo?
— Tupo!
Masikio mmeyaleta?
— Tumeyaleta!
Basi yategeni.

Hapo kale kulikuwa na chemchemi moja tu nyikani, na Kiboko aliikalia yote. Mnyama akija kunywa, humkoromea: ngrooo! Kando ya maji lilisimama jiwe lenye maandishi ya watu wa zamani. Kiboko alidai yanasema maji ni yake, ingawa kusoma hakujua.

Juu ya mwamba aliishi Bi Pimbi, mdogo, anaenea kapuni. Msafiri mmoja alimwachia kamusi na sarufi ya lugha ile ya kale, naye alivisoma mpaka majalada yakabanduka. Siku alipolisoma lile jiwe, hakupata usingizi. Lilisema: "Kiboko ameachiwa maji haya."

Kiboko akamwendea, akamwamuru alisome mbele ya wanyama wote.

"Nikisoma mimi, watasema umenitisha," Bi Pimbi akamjibu. "Jifunze, usome mwenyewe. Ila utapanda huku kwangu, Bwana Kiboko. Vitabu hivi vikilowa, basi tena."

Kiboko akapanda kila asubuhi, gudu, gudu, gudu. Kiboko akasoma herufi. Swala wakanywa, gu-gu-gu. Kiboko akasoma nomino. Punda milia wakanywa, gu-gu-gu. Kiboko akaingia kwenye vitenzi. Hata kobe akanywa, akaoga, akarudi kwake taratibu.

Vitenzi vilimliza. Bi Pimbi alimfuta machozi, akampa nyasi laini, akamwambia hata yeye vilimliza hivyo hivyo. Kumbe alishaanza kumpenda mwanafunzi wake. Lakini kila ukurasa ukiisha, alihesabu iliyobaki.

Kitabu kikaisha. Wanyama wakakusanyika. Kiboko akasoma jiwe polepole, akasoma tena.

"Bi Pimbi, hiki kitenzi kimekosewa."

"Kimekosewa, bwana."

"Mtu asiyejua vitenzi atanigawiaje mimi chemchemi?"

Akawapisha wanyama wanywe, akamuuliza Bi Pimbi kama kuna kitabu kingine. Kilikuwepo. Wakapanda pamoja, gudu, gudu, gudu.

Ngano yangu imefika kwake, nanyi rudini kwenu. Ila shikeni funzo: mwenye mali asifungue kitabu, atapata kitenzi akose chemchemi. Mimi sijafungua hata kimoja, na chemchemi sina.