Kiboko na Picha ya Bibi Pimbi

— Jamani, nianze nisianze?
— Anza!
— Na mkisinzia?
— Utufinye!
— Nitafinya kweli, mnanijua.

Hapo kale Pimbi alikuwa na mama mzee na watoto saba. Baba yake alikuwa ameshafariki, na hakuacha hata picha moja. Watoto wakiuliza, "Babu alikuwaje?" Pimbi anajibu, "Alikuwa... alikuwa mpole." Basi, hana zaidi. Jambo hilo lilimuuma sana. Na sasa mama yake naye kifua kinambana, akipanda jiwe moja anapumzika mara tatu. Pimbi akaapa: huyu haondoki bila picha.

Siku moja Korongo mpiga picha akapita. Alikuwa akipita mara moja tu kwa mwaka, na kamera yake ya sanduku yenye miguu mitatu na kitambaa cheusi nyuma. Akasema, "Imebaki picha moja tu. Jiandaeni haraka, jua likishuka naondoka."

Lo! Nyumba ikageuka soko. Pimbi akamwogesha mtoto wa kwanza, chubwi! Akampaka mafuta. Akamwogesha wa pili, chubwi! Akampaka mafuta. Alipofika wa saba, wa kwanza ameshagaragara mavumbini. Akaanza upya! Mnacheka? Ngojeni mzae.

Bibi akavalishwa kanga mpya, akakalishwa kitini, mikono magotini, uso mkavu. Zamani picha ilikuwa jambo zito, anayecheka anaonekana hana adabu. Pembeni yake wakaweka meza, kitambaa cha kufuma na maua ndani ya kopo.

Mara wakasikia: ndi! ndi! ndi! Nani huyo? Kiboko! Akayaona maua, akayala, nyamu! Akala na kitambaa cha meza. Kisha akasema, "Picha ni yangu. Nipisheni."

"Bwana Kiboko," Pimbi akasema, "imebaki moja tu, na ni ya mama yangu."

"Basi ndiyo hiyo hiyo ninayoitaka. Nitoke mkubwa, nijae picha nzima, asionekane mwingine!"

Korongo akarudi nyuma hatua moja. Nani abishane na mdomo ule? Pimbi machozi yakamlengalenga. Akayameza, akafikiri, halafu akasema kwa sauti tamu, "Sawa, Bwana Kiboko. Lakini hapo uliposimama utatoka mdogo. Anayetaka kutoka mkubwa husogea karibu na kamera. Muulize Korongo."

"Kweli," akasema Korongo. Na hapo hakudanganya.

Kiboko akasogea, ndi! "Nimekuwa mkubwa?"

"Umekuwa kama mbuzi. Sogea."

Akasogea, ndi! ndi! "Nimekuwa mkubwa?"

"Umekuwa kama ng'ombe. Sogea."

Akasogea, ndi! ndi! ndi! Pua ikagusa kamera. "Sasa je?"

"Sasa umekuwa kama ulivyo. Unatosheka na hapo?"

"Aka! Nataka zaidi!"

"Zaidi iko ndani ya kile kitambaa cheusi. Picha zote hutengenezwa humo. Zunguka nyuma, ingiza kichwa."

Mwenye tamaa haulizi maswali mengi. Korongo akajitoa, Kiboko akaingiza kichwa kizima. Halafu wakasikia sauti yake humo ndani: "Ala! Nawaona! Mbona mko kichwa chini miguu juu? Bibi ananing'inia kama popo!" Akacheka mpaka makalio yakatikisika, na kile kimkia chake kikawa kinapiga huku na huku, pwi! pwi! pwi!

Bibi kitini akajizuia. Akajizuia tena. Akashindwa. Kicheko kikamtoka mdomo wazi, jino hana hata moja, na wajukuu wote saba wakamwangukia mapajani, wanacheka naye. Korongo akanyoosha ule mdomo wake mrefu, akabonyeza: kacha!

Picha ilipokauka Kiboko akaitazama mbele, akaigeuza nyuma. "Mimi niko wapi?"

Watoto wakakimbilia nyuma ya mama yao Pimbi. Pimbi uongo ulikuwa umemwishia. Akasema, "Hupo pichani, Bwana Kiboko. Nilikudanganya, nisamehe. Lakini mtazame mama. Tangu baba afe hajacheka hivyo. Hapo anakucheka wewe."

"Mimi?"

"Wewe."

Kiboko akaiangalia ile picha muda mrefu. "Watu wakiniona hukimbia," akasema taratibu. "Huyu amekaa, anacheka." Akairudisha kwa Pimbi kwa ncha ya mdomo, isilowe, akaenda zake mtoni.

Mvua zilizofuata Bibi akafariki. Walilia sana, msiulize. Siku ya tatu wakasikia hodi, ya chini kabisa. Kiboko amesimama nje, kopo la maua mdomoni, na hajala hata moja.

"Naomba nimwone Bibi," akasema.

Wakamletea picha. Akaitazama, akacheka, na machozi yanamtoka. Watoto saba wakasogea, wakamwegemea.

Haya, na funzo lake mlishike. Kwanza, msiwadanganye wakubwa, ni dhambi kubwa. Pili, mkienda kupigwa picha msicheke, kazeni nyuso kama watu wenye adabu. Mimi hadithi yangu naitua hapa. Anayeitaka aibebe, na aliyesinzia alete shavu nimfinye.