Duara Tupu

Duara tupu halijazwi kwa kalamu, hufuatwa kwa miguu. Leo mmeisikia methali hii karakanani, mkaniuliza aliyeisema kwanza ni nani. Chanzo chake ni hiki.

Katika kiwanda kimoja cha chai, huko milimani, Sekela alikuwa mwendeshaji wa boila, tangi la kuchemshia maji yawe mvuke. Alikaa chumba cha juu, mbele ya kioo cha kompyuta, na mchoro wa mabomba ulibandikwa ukutani. Katika mchoro wa namna ile kila kipimo ni duara. Duara lililokatwa na mstari katikati, kipimo chake husomwa chumbani. Lisilo na mstari, kipimo chake kipo nje, kwenye bomba lenyewe.

Hilo la pili Sekela hakulijua. Alikuwa mtu wa unadhifu, na aliona duara moja limeachwa tupu kati ya wenzake. Akachukua rula na kalamu ya wino wa buluu, akalitia mstari. Mchoro ukapendeza.

Baada ya wiki mbili, fundi Ambakisye alitakiwa kufungua bomba la mvuke abadilishe gasketi, pete ya kuzibia maungio. Akapiga simu ya upepo.

“Dada Sekela, mvuke umekwisha, au nisubiri mpaka chai iote mvi?”

Sekela akatazama mchoro, akaona mstari kwenye duara la bomba lile, kisha akasoma kioo. “Sifuri, kaka. Fungua. Au siku hizi unaogopa mvuke kama bibi harusi wa mjini anavyoogopa moshi?”

Ambakisye akacheka, akashika spana.

Kioo kilisoma upande wa boila tu. Nyuma ya vali iliyofungwa, ndani ya bomba, mvuke ulikuwa umebaki, na mshale wa kipimo cha pale bombani ulisimama kwenye sita. Alipolegeza nati ya tatu, mvuke ulimpiga usoni na kifuani. Aliishi siku tatu tu.

Kwenye kikao cha uchunguzi, Mzee Mwaipopo, mtunza michoro, aliutandika mchoro mezani.

“Mstari huu wa buluu ni wa nani?”

Kalamu za buluu zilikuwa nyingi kiwandani. Sekela angeweza kunyamaza.

“Ni wangu, baba. Nilidhani mchoraji alisahau.”

“Hakusahau, mwanangu. Alikuwa anakutuma uende bombani.”

Jioni ile Sekela alikwenda msibani. Mama yake Ambakisye alikuwa ameketi mkekani, hajaambiwa na mtu yeyote kwa lugha anayoielewa kilichomuua mwanawe. Sekela akapiga magoti.

“Mama, kulikuwa na duara tupu. Mimi nililijaza kwa kalamu. Nilipaswa kulifuata kwa miguu.”

Mama alimtazama. Kisha akajisogeza kidogo, akamwachia nafasi mkekani.

Mafundi waliokuwepo waliyabeba maneno yale mpaka kiwandani, wakayafupisha. Ndiyo maana mtu akijibu asichokwenda kukiona, huambiwa: duara tupu halijazwi kwa kalamu, hufuatwa kwa miguu.