Hodi Tatu Mlangoni kwa Boay

Mtu mmoja alikuwa na mama asiyejua Kiswahili. Mtu huyo aliitwa Boay. Mama yake alizaliwa bondeni, kwa wafugaji, akaolewa mlimani na kuzeekea huko bila kuiacha lugha ya kwao. Alikuwa mama wa kukaribisha. Mgeni akipiga hodi ya kwanza, kabla hajaitamka ya pili, karibu ilikuwa imeshatoka jikoni kumpokea, hata kama mikono ya mama imejaa unga. Mwaka mmoja mama huyo aliumwa kifua. Boay alikuwa masomoni, mbali, na pale zahanati ya bondeni, aliyoishukia kutibiwa, hapakuwa na mtu wa kumfasiria. Mama akaeleza, muuguzi akatikisa kichwa. Mama akaonyesha kwa mkono, muuguzi akampa dawa ya tumbo. Aliinywa yote kwa utii, na kabla ya mavuno akazikwa.

Boay hakulia. Aliweka nadhiri. Akawa fundi wa kompyuta mjini, na kwa miaka saba, kila atokapo kazini, alitengeneza programu ya kusikia maneno ya bondeni na kuyatamka kwa Kiswahili, na ya Kiswahili kuyatamka kwa lugha ya bondeni. Maneno aliyaokota minadani, misibani, na penye visima vya kunyweshea ng'ombe. Ilipokamilika hakuiuza. Aliiweka kwenye mtandao ili kila mtu aichukue, aifungue aone ndani, airekebishe, ampe na mwenzake. Tena aliitengeneza hivi kwamba ikishaingia kwenye kompyuta haihitaji mtandao tena, kwa kuwa alijua kule bondeni mtandao hupatikana kwa kupanda kilima. Kutoa ni moyo, alisema, usambe ni utajiri. Na alipenda kuongeza kwamba mlango wake uko wazi kwa wote. Tusimdhulumu: lilikuwa jambo jema, na alilifanya kwa moyo safi.

Mwaka ukapita. Mafundi wa nchi za mbali walimwandikia kumsifu. Zahanati za bondeni, alizoziandikia barua moja moja kuzieleza mahali pa kuipata programu, hazikujibu neno. Moyo wake ukaanza kuchacha. Akawa kama mtu aliyepika pilau ya watu mia na wageni wasitokee, naye amesimama kando ya sufuria akiwasema. Watu wetu hawapendi kusaidiwa, alinung'unika; ningewauzia wangeigombania. Siku moja akaona heri aende akajionee mwenyewe, na zahanati aliyoiendea ni ile ile iliyompa mama yake dawa ya tumbo.

Muuguzi wa zamani alikuwa amehama. Mahali pake Boay alimkuta Bi Hilaria, mama wa makamo aliyekaribia kustaafu, amesimama mbele ya bibi mmoja wa kifugaji. Bibi alikuwa ameketi kwenye benchi na katambuga zake miguuni, viatu vile vya matairi, mkono ameuweka chini ya mbavu. Hii ilikuwa mara yake ya tatu kuja. Mara mbili zilizotangulia alipewa dawa ya tumbo, na pakiti ya tatu ilikuwa tayari mkononi mwa Hilaria. Boay akachutama mbele ya bibi, akamwamkia kwa lugha ya bondeni, na bibi akamfungukia yote. Tumbo halina neno. Akilala, pumzi inakata, hivyo hulala ameketi. Na jioni miguu inavimba. Hilaria akairudisha pakiti kabatini, akaketi kuandika barua ya kumpeleka bibi hospitali kubwa.

Bibi alipokwisha kuondoka, Boay alimgeukia Hilaria kwa hasira aliyoilea mwaka mzima. Akamuuliza kwa nini wanabahatisha maradhi ya watu ilhali mkalimani yupo, wa bure, na mlango wake uko wazi. Hilaria akamwonyesha kompyuta ya zahanati, iliyokuwa mezani ikila umeme wa sola, akamwambia, “Muweke basi, mwanangu.”

Boay alicheka. Kazi ya kusubiri chai ipoe, alisema, akavuta kiti. Programu yake ikamwambia inataka programu nyingine itangulie. Ile nyingine ikataka ya tatu, na zote zikataka mtandao. Akaibeba kompyuta begani mpaka juu ya kilima, akapata nusu ya alichokitaka, kisha mtandao ukakatika. Akaanza upya. Kioo kikajaa weusi na mistari ya Kiingereza inayomsomea makosa. Akafungua ukurasa wa maelekezo, alioutunga mwenyewe kwa Kiingereza, kama mafundi wanavyoandikia mafundi wenzao. Pale juani, juu ya jiwe, ndipo aliposoma kwa mara ya kwanza kama ambavyo Hilaria angesoma, na akaona kwamba njia ya kumfikia mkalimani ilihitaji mkalimani. Mbuzi walipoanza kurudi mazizini alikuwa bado hajaingia kwenye programu yake. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na Boay alikuwa amewagawia watu kitanda ambacho yeye hakuwahi kukilalia nje ya chumba chake cha mjini.

Akashuka na kompyuta ile, mdogo kuliko alivyopanda. Hilaria akampa chai, kisha akatoa daftari la shule kwenye droo na kuliweka mbele yake. Ndani yake ukurasa wa Boay ulikuwa umenakiliwa kwa kalamu, herufi kwa herufi, na mtu asiyeijua lugha yake. Ulinakiliwa mara tatu, kwa tarehe tatu, Jumapili tatu ambazo Hilaria alipanda kilima kile kile baada ya kutoka kanisani. Kila mara mwandiko uliishia mahali tofauti, na mbele yake palikuwa patupu.

“Mlango wako tuliuona uko wazi, mwanangu,” alisema. “Tukapiga hodi mara tatu, na hakuna aliyetujibu karibu.”

Ninyi nyote mnaijua desturi hii, wala hamkufundishwa darasani. Mtu hupiga hodi tatu. Asipojibiwa huondoka, na haondoki na kinyongo. Mlango hata uwe wazi mpaka unagusa ukuta, anayeingia bila kukaribishwa watu watamwita mwizi. Boay aliijua pia. Aliinyonya pamoja na maziwa. Akaikumbuka mikono yenye unga, na sauti iliyokuwa haingoji hodi ya pili. Akalia mbele ya Hilaria bila aibu, kilio cha zaidi ya miaka minane. Muungwana akivuliwa nguo huchutama: hakujitetea. Aliomba daftari lile, akarudi nalo mjini.

Miezi minne alifanya kazi, na katika miezi hiyo hakuiongezea programu hata neno moja jipya. Alishughulika na kizingiti tu. Kila kitu ilichokuwa ikidai kwa watu alikitafuta yeye, akakifungasha ndani yake, mpaka ikawa haidai kitu kwa mtu yeyote. Yote ikaingia kwenye flashi moja, na kuifungua ni kubonyeza mara moja. Aliijaribia kwenye kompyuta kuukuu kuliko zote alizozipata, mtandao ameuzima. Pale palipokuwa na ukurasa wa Kiingereza akaweka sauti ya mama yake mdogo, mdogo wa marehemu mama yake, ikisema karibu kwa lugha ya bondeni na kwa Kiswahili, kisha ikimweleza mgeni taratibu afanye nini. Mafundi wenzake walimtania kwamba fundi mzima amegeuka mfagia baraza. Ilimuuma, maana ni kweli kwamba kazi hiyo haina wa kuisifu.

Wakati huo wote, kila mwezi siku ya kliniki, alishuka bondeni kumfasiria yule bibi. Hospitali walimkuta na ugonjwa wa moyo, wakampa vidonge vya kumeza kila siku, na Hilaria alitakiwa kumuuliza kwa makini anavyojisikia. Mwezi wa nne kazi ikaisha. Boay akampa flashi dereva wa gari la chanjo amfikishie Hilaria, na kesho yake mvua kubwa ikaanza, ikalichukua daraja. Siku ya kliniki ilifika naye yuko mjini. Barabara hakuna, simu haiingii. Wiki tatu alikaa hajui kama mlango ule ulifunguka au uligoma tena mbele ya macho ya Hilaria. Alichokijua ni kile kinachompata mwanamke anayeeleza asieleweke.

Njia ilipopitika kidogo alikwenda, na kipande cha mwisho alikitembea kwa miguu kwenye tope. Alipofika mlangoni pa zahanati, kabla hajafungua kinywa kupiga hodi, alisikia kutoka ndani sauti ya mama yake mdogo ikisema karibu. Akasimama pale pale. Chini ya benchi aliona katambuga mbili, zimepangwa sambamba.

Baadaye Hilaria alimsimulia. Siku ile ya kliniki, kompyuta iliposema karibu, bibi aliinuka akamtafuta mwenye sauti chumba kizima. Kisha akavua katambuga zake, kama afanyavyo mtu anayeingia nyumbani kwa watu, akaketi, akajibu alichoulizwa. Ikajulikana kwamba alikuwa akimeza vidonge vya siku mbili kwa siku moja, ili apone upesi. Wiki moja zaidi, Hilaria alisema, na tungekuwa tumemzika. Sasa alikuwa amerudi kwa mara ya pili, mzima, na Boay akiwa bado mlangoni alimsikia akiikaripia kompyuta kwamba inaongea kama mtoto aliyeachishwa ziwa mapema. Boay alicheka, akafuta uso, akakaa nje kwa muda mrefu kabla ya kuingia.

Basi wewe unayesema mlango wako uko wazi na watu ndio hawaingii, ni nani aliyewahi kukusikia ukisema karibu?