Raziya na Jini wa Kodi ya Kivuli

Wamepokezana wenye kusimulia, nasi tumepokea kwao bila kupunguza, ingawa hatuapi kwamba hatukuongeza, ya kuwa mji wa Kamaria ulitawaliwa na Sultani Mudhafari bin Ghalibu, mfalme mwenye insafu na ukarimu na hazina tupu, na hazina ilikuwa tupu kwa sababu ya ukarimu. Basi mawaziri wakakaa faragha wakitafuta kitu ambacho hakijatozwa kodi, na wakakuta chumvi imetozwa, na mizigo imetozwa, na milango imetozwa, mpaka waziri mmoja akatazama dirishani akaona watu wamepumzika barazani bila kulipa chochote, na roho ikamuuma. Siku hiyo ikazaliwa kodi ya kivuli: kila mwenye nyumba alipie kivuli ambacho nyumba yake inakitupa katika njia ya Sultani.

Na katika mji huo aliishi Raziya binti Makame, mpika udi, ambaye udi wake ukifukizwa katika harusi, maharusi wa mtaa wa pili walilia kwa wivu. Mali yake yote ilikuwa sufuria moja ya shaba aliyoachiwa na mama yake, sufuria iliyokwisha kulewa ambari na zafarani za miaka na miaka, hata udi uliopikwa katika chombo kingine haukuwa udi, bali kuni zenye sukari. Lakini nyumba ilikuwa ya baba yake, Mzee Makame, na kodi ilikuwa ya Mzee Makame, na Mzee Makame hakuwa ameilipa hata mara moja.

"Baba, mbona hukuniambia?" Raziya akauliza, siku tarishi alipobandika hati mlangoni.

"Nilidhani ni mzaha, mwanangu. Mtu ananijia ananiambia nilipie kivuli. Nikacheka, naye akacheka. Kumbe mwenzangu alikuwa anacheka lake."

Raziya akaisoma hati ile yote, mpaka maandishi madogo ya chini ambayo hata aliyeyaandika hakutaraji yasomwe, akaelewa kwamba atakuja Mkamata Mali wa Sultani kuchukua chochote chenye thamani, kiwe cha mdaiwa au cha anayekaa naye. Akaitazama sufuria yake, akasema, "Hii haitoki." Na hakulisema tena, maana alikuwa mtu wa kusema jambo mara moja.

Na Mkamata Mali, Faraji bin Sumaku, alikuwa na pete ya akiki, na pete ile ilimfunga jini aitwaye Dahmari, mrefu kama mnara, ambaye zamani aling'oa milima na sasa alibeba vitanda na makabati ya watu. Jini huyo angeweza kuinyanyua nyumba nzima kwa kidole, lakini bibi yake Sultani aliacha amri kwamba mtu wa serikali asivuke kizingiti cha raia mpaka apige hodi na aambiwe karibu, na amri hiyo, iliyonakiliwa chini ya kila hati ya kodi, iliwafunga watu na majini.

"Hodi!" akaita Faraji.

"Nani?"

"Faraji, Mkamata Mali."

"Ah, Bwana Faraji! Umeamkaje?"

"Salama. Hodi, Bibi!"

"Na watoto hawajambo?"

"Hawajambo. Hodi!"

"Wasalimie sana," akasema Raziya, na akaendelea kukoroga udi wake.

Wakakaa hivyo siku nyingi, Faraji juani nje na Raziya ndani, na wateja wakapokea udi wao kwa kikapu kilichoshushwa dirishani. Ndipo Dahmari akaanza kubadilisha sauti. Akapiga hodi kwa sauti ya muuza maji, na kwa sauti ya mwalimu wa chuoni, na kwa sauti ya shangazi wa Raziya ambaye alikwisha kufariki, na Raziya akamjibu huyo, "Mungu akurehemu, shangazi, rudi ukapumzike." Mwisho jini akaiga sauti ya Bi Mwanamize, jirani mjane, sauti laini kama halua, na Mzee Makame, ambaye tangu utotoni hakuwahi kuacha hodi ya mtu bila jibu, akaruka kitandani.

"Karibu! Karibu ndani, Bi Mwanamize!"

Kisha akajiziba mdomo kwa mikono miwili, lakini neno lilikwisha kutoka.

Faraji akaingia akitabasamu, na jini akaingia nyuma yake ameinama. "Dahmari, chukua sufuria ile."

"Ngojeni," akasema Raziya. "Mmeingia kwa neno karibu, na amri iliyowaingiza inaendelea. Inasema aliyekaribishwa ni mgeni, na mgeni hatimizi haja yake mpaka akirimiwe. Kaeni mkekani."

"Sijaiona sehemu hiyo," akasema Faraji.

"Iko chini kidogo ya pale ulipoishia kusoma, Bwana. Hati iko mlangoni, kaisome."

Faraji akatoka akaisoma, akarudi akaketi. Raziya akawapa kahawa na tende, akawanyunyizia marashi, kisha akaweka makaa katika chetezo na juu yake kipande cha udi alichokuwa amekihifadhia harusi yake mwenyewe. Moshi ukapanda, na jini akafumba macho, na machozi yakamtiririka, kwani majini wanajua udi kuliko watu, na huyu tangu afungwe hakuna aliyewahi kumfukizia.

"Nani amepika huu?" akauliza.

"Mimi, katika sufuria uliyotumwa kuichukua."

"Dahmari! Ichukue!" akapiga kelele Faraji, akaisugua pete mpaka kidole kikafura.

"Bwana wangu," akasema jini, "pete yako inaniamuru nibebe. Lakini nimefukiziwa katika nyumba hii, na ahadi ya sisi majini kwa aliyetufukizia imeitangulia pete yako na aliyeitengeneza. Ning'oe mlima, nitang'oa. Sufuria hii siigusi."

Basi shauri likafika barazani kwa Sultani, na Faraji akashtaki kwamba chombo cha serikali kimegoma.

"Maulana, umri wako uwe mrefu," akasema Raziya, "sikatai kulipa kivuli cha baba yangu. Nauliza tu kilipimwaje, maana nyumba yetu ni ndogo na deni lake ni la kasri."

Sultani akamgeukia jini. "Wewe ulikuwapo?"

"Nilishika ncha ya kamba, Maulana. Tulipima jua likichomoza, kwa kuwa makarani hawapendi joto. Saa hiyo kibanda cha kuku kina kivuli cha msikiti."

"Kanuni haikutaja saa, Maulana," akasema Faraji.

"Sasa inataja," akasema Sultani. "Vivuli vyote vipimwe adhuhuri, na karani asimame juani mpaka amalize."

Wakapima upya, na Raziya akalipa deni lote la haki kwa kipande kimoja cha udi, na hakuondoka mpaka alipopewa stakabadhi yenye muhuri, na uandishi wa stakabadhi ulichukua muda mrefu kuliko hukumu. Udi wake ukapendwa kasrini na utajiri ukamjia, na akaolewa na kadhi kijana aliyempenda kwa kuwa alisoma hati mpaka mwisho. Mzee Makame naye akamwoa Bi Mwanamize, na sasa hulipa kodi yake mapema, akinung'unika kwa sauti ili mtaa mzima usikie.

Na funzo, kwa anayelitaka, ndilo hili: serikali ikiingia kwako kwa sheria, usiikimbie sheria wala usiitukane. Iketishe mkekani, uitie kahawa, kisha uisome yote mbele yake, polepole, mpaka mstari wa mwisho.