Mkono wa Rayhana Kwenye Sinia

Wametusimulia waliotutangulia, na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi, kwamba katika mji mmoja wa nchi ya Sham palikuwa na nyumba ya wakfu walimotunzwa wanawake vikongwe wasio na jamaa. Msimamizi wake aliitwa Rayhana, mjane mwenye elimu na ibada, ambaye kwa zuhudi yake hakuzidisha matonge matatu kwa mlo. Akishayala husema, "Alhamdulillahi," hunawa, kisha huanza nyuradi zake.

Nyumba ile ilikuwa na desturi. Wote walizunguka sinia moja, na mkubwa wa sinia, yaani Rayhana, akiinua mkono kumaliza kula, wote huinua. Kuendelea kutafuna ilhali mcha Mungu amekwisha kunawa kulihesabiwa uroho.

Vikongwe wakakonda, na mji ukafurahi. "Tazama nyuso zile," walisema wanawake waliokuja kuomba dua, "nuru tupu!" Binadamu tuna kipaji hicho: mfupa ukitokeza tunauita nuru, mradi usiwe wetu.

Aliyekonda kuliko wote ni Bi Lubaba, mwenye jino moja na bangili moja ya fedha. Akiinua mikono kuomba, bangili iliteleza mpaka kwenye kiwiko. Alianza kuswali ameketi, kisha akawa anaswali amelala. Rayhana alimsomea maji, akamwombea, akalia. Wala hakuwa mnafiki. Alimpenda kama mama yake mzazi na aliogopa kumzika.

Asubuhi moja, sinia limekwisha kuondolewa, Rayhana alimwona Bi Atika, anayelala kitanda cha jirani na cha Lubaba, akisokomeza kipande cha mkate ndani ya mtandio.

"Bi Atika! Chakula cha wakfu unakificha?"

"Nakificha, mwanangu. Nataka nikamlowekee Lubaba."

"Kwani si amekula sasa hivi, akasema ameshiba?"

"Unataka ukweli au unataka adabu? Maana viwili hivyo humu ndani havijaonana siku nyingi."

"Nataka ukweli, mama."

"Lubaba ana jino moja. Tonge la kwanza bado analibembeleza mdomoni, wewe umemaliza yako na birika la kunawia linazunguka. Anaona haya. Analimeza zima, ananawa, anasema ameshiba. Na sisi wengine ni hivyo hivyo, ila tuna meno ya kuwahi."

"Lakini mimi sijamkataza mtu kula!"

"Hujatukataza, mwanangu. Umenawa tu."

Rayhana angeweza kujitetea, maana msomi hakosi hoja. Badala yake alisema, "Astaghfirullah," akaenda mwenyewe kumwita tabibu.

Tabibu akamshika Lubaba mkono, akamtazama ufizi. "Huyu haumwi," akasema. "Ana njaa. Wala msimshindilie leo mkadhani mnafidia. Tumbo lililosinyaa hushtuka. Mpeni kidogo kidogo, mara nyingi: supu, mkate uliolowekwa, tende zilizopondwa ndani ya maziwa."

Tangu siku hiyo Rayhana hakuinua mkono. Aliketi kwenye sinia, akila punje kwa punje, akipiga soga, mpaka kikongwe wa mwisho amalize kutafuna. Mtihani wake haukuwa njaa. Njaa alikwisha kuizoea. Mtihani ulikuwa kuonekana anakula. Mji ukaanza kunong'ona kwamba mtawa wao siku hizi hula kama mwashi. Mgeni mmoja, mwenye tasbihi ndefu na subira fupi, akamwuliza mbele ya watu:

"Zuhudi imekwenda wapi, Bi Rayhana?"

"Nimeihamishia chumbani kwangu," akajibu. "Hapa ilikuwa inakula chakula cha wenzangu."

Bi Atika akawa anamlisha Lubaba kitandani kwa kijiko. Kuna siku alimeza, na kuna siku aligeuza uso ukutani, Rayhana akatoka nje asionekane machozi. Hakuna aliyemlazimisha, hakuna aliyekata tamaa. Kisha siku moja Lubaba akaomba asogezwe tena kwenye sinia. Akachovya mkate, akaonja, akakunja uso.

"Nani kapika supu hii? Haina hata chumvi!"

"Ehee!" Bi Atika akapiga makofi. "Karudi mgomvi wetu!"

Rayhana alicheka mpaka akalia, akasujudu sijda ya shukrani palepale, kisha akakimbia jikoni kuleta chumvi. Aliporudi, Lubaba alikuwa ameinua mikono kumwombea, na bangili imesimama pale ilipostahiki, kwenye kifundo cha mkono.

Enyi ndugu zangu, tujihadhari na ibada inayomtia mwenzetu haya ya kusema ana njaa. Mwenye kujaliwa kuwa mkubwa wa sinia, kabla hajaomba maji ya kunawa, amtazame aliye mwisho: huenda bado anatafuna.