Mama Bado Mdogo

Kaburi humficha mtu, halifichi jina. Mmeisikia jana kwenye kikao cha ukoo, mkatikisa vichwa kana kwamba mmeelewa, leo mnakuja kwangu kuniuliza maana yake. Afadhali mmeuliza. Wapo watu wazima wanaoitumia kila penye msiba, hata mahali isipofaa, na ukitaka wakuambie ilikotoka wanaanza kukohoa. Haya, endeleeni kumenya hizo tangawizi huku mnasikiliza. Methali hii ilianza hivi.

Alikuja huku kwetu Mamba mtu mmoja aliyeitwa Bwana Mchopa, ambaye kazi yake ilikuwa kutafuta warithi. Mtu akifa ugenini akaacha mali, na ndugu zake hawajulikani, msimamizi wa mirathi humtuma mtu kama huyo akachimbue ukoo: nani alimzaa nani, nani aliolewa wapi, mpaka ampate mwenye haki. Ni kazi ya kunywa chai nyingi na kudanganywa sana, kwa sababu pakisikika urithi, kila mtu ni ndugu.

Marehemu wa safari ile alikuwa mzee aliyekata mkonge kule Tanga tangu ujana wake. Wenzake walimwita Mpare, basi. Jina la kwao hakumwambia mtu. Aliacha nyumba ya matofali na shamba la michungwa, wala hakuonekana na mke wala mtoto. Siku ya kufa kwake, jirani alimsikia akisema: "Nyumba ni ya mama. Mama Nakiete, wa Mamba. Mama bado mdogo, asije akanyang'anywa."

Hebu niambieni nyinyi mliosoma. Mzee asiye na jino hata moja, mama yake atakuwaje mdogo? Jirani alisema ni homa ndiyo iliyokuwa ikisema. Mchopa naye aliona hivyo hivyo, lakini Nakiete ni jina, na Mamba ni mahali, basi akapanda mlima. Mahakama ilimpa muda mpaka mwisho wa masika. Mrithi asipoonekana, mali ile ingekwenda serikalini.

Akaulizia, akaelekezwa kwa Shangazi Namsifu, mkubwa wa ukoo aliyekuwa amebaki.

"Shikamoo, mama. Namtafuta Nakiete."

"Marahaba. Nakiete ni mama yangu mzazi," akajibu Shangazi, bila hata kuacha kupepeta maharage. "Raheli! Mpeleke mgeni kwa bibi yako."

Mchopa akafurahi. Bibi yu hai! Akafunga vifungo vya koti, akamfuata Raheli hadi migombani, na pale akaonyeshwa kaburi lililoota magugu. Alisimama mbele yake, hajui acheke au atoe pole.

Huyo Raheli alikuwa mtoto wa kaka yake Shangazi. Alikuwa mjane, na shemeji zake walikuwa wamemwambia aondoke katika kiwanja cha mumewe maharage yakishavunwa. Maharage yenyewe ndiyo yale yaliyokuwa yakipepetwa. Alikuja kwa shangazi yake kuomba pa kulala na mwanawe, na nyumba ya Shangazi ilikuwa na chumba kimoja.

Waliporudi, Mchopa akawaeleza kuwa kuna mzee mkata mkonge aliyefia Tanga, kisha akaanza upya. "Bibi Nakiete aliacha watoto wa kiume?"

"Watatu. Wawili wamelala pale pale migombani. Wa tatu, Eliamani, baba yake huyu Raheli, alikwenda mkongeni. Ikaja habari kwamba amekufa kwa homa. Tukakaa matanga, tukayaanua. Sasa huyo wako wa juzi ni nani? Mtu hufa mara mbili?"

"Huenda ile habari ya kwanza ilikuwa ya mtu mwingine."

"Huenda," akasema Shangazi. "Nusu ya wanaume wa mlima huu walikwenda mkongeni."

Mchopa akajikuna kichwa. Neno huenda halimpi mtu nyumba mahakamani. Marehemu alimtaja Nakiete aliye hai, tena mdogo, na hapa kulikuwa na Nakiete mmoja tu, aliyekuwa chini ya magugu. Akamuuliza Raheli kama anamjua Nakiete mwingine. Raheli akasema hamjui. Shangazi naye akasema hapana. Mchopa akaomba maji ya kunywa, ajiondokee.

Raheli akageukia nyumbani akaita, "Mama! Mletee mgeni maji."

Akatoka msichana mdogo mwenye kata mikononi.

"Huyu ndiye mama?" Mchopa akauliza.

"Ni mwanangu wa mwisho. Ana jina la mama yangu, ndiyo maana namwita mama. Kwani kwenu hamfanyi hivyo?"

Kwao walifanya. Yeye mwenyewe alikuwa na binti aliyemwita mama kila siku, ila neno hilo alikuwa analiacha nyumbani kila anapokwenda kazini. Maji hayakunyweka tena.

"Na wewe," akamwambia Raheli, "ulipewa jina la nani?"

Raheli akamtazama shangazi yake. Mikono ya Shangazi ikasimama juu ya ungo.

"Uwii," akasema Shangazi. "Alipewa la mama yangu. Lakini mke wa kaka angelitamkaje jina la mama mkwe? Ni mwiko! Akawa na mtoto ambaye yeye mwenyewe hawezi kumtaja jina. Walipombatiza akamchagulia Raheli, na sote tukalishika hilo. Aliyemwita Nakiete ni baba yake peke yake. Naye mara nyingi alimwita mama tu."

"Eliamani alipoondoka, huyu alikuwa na umri gani?"

"Umri gani? Alikuwa bado mdogo."

Mchopa akainamisha kichwa, kisha akawaambia maneno ya marehemu, yote, mpaka lile la kunyang'anywa.

Msidhani Raheli alishangilia. "Alikuwa hai?" akasema. "Nilimlilia nikamaliza, kumbe alikuwa hai? Mbona hakuja?" Akalia kwa hasira. Nanyi msiniulize mimi kwa nini hakurudi. Wengine husema aliona haya kurudi mikono mitupu, wengine husema lao. Mimi sijui.

Masika hayajaisha, walishuka mahakamani, Shangazi akiwa shahidi. Karani akatoka mlangoni akaita, "Nakiete binti Eliamani!" Akaita tena. Watu kwenye benchi wakaanza kutazamana, na Raheli naye akageuza shingo kumtafuta huyo anayeitwa.

Shangazi akamgusa bega. Maisha yake yote hakuwahi kumwita kwa neno lile.

"Simama, mama," akamwambia. "Unaitwa."

Akasimama.

Walipotoka, Raheli akiwa amekwisha kukubaliwa kuwa mrithi, mtu mmoja wa Mamba aliyekuwa pale na kesi yake akamnong'oneza Shangazi, "Lakini Nakiete si tulimzika?"

"Tulimzika," Shangazi akasema. "Kaburi humficha mtu, halifichi jina."