Miguu-Nyuzi Atafuta Ukoo

Nije, nisije?
Njoo!
Nije na nini?
Njoo na utamu wako!

Hapo kale, siku wadudu walipogawana koo, kijitoni walikuwepo Bi Jongoo, Buibui, Kerengende, Mbu, mama mfinyanzi akichimba udongo, mwanawe mchanga Mashavu, na mdudu mmoja asiye na jina. Tumwite Miguu-Nyuzi.

Bi Jongoo ndiye aliyekagua, maana kwa kuhesabu miguu nani angemshinda? Akatangaza: "Kila ukoo utapewa tope la kutagia. Asiye na ukoo, jua likizama ahame!"

Miguu-Nyuzi tumbo lilikuwa limejaa mayai. Ahamie wapi?

Akaenda kwa Buibui. "Dada, miguu yangu mirefu kama yako. Nipokee."

"Yangu minane, yako sita. Tena una mabawa! Kwetu mwenye mabawa ni kitoweo." Akamrukia. Miguu-Nyuzi akachomoka, mguu mmoja ukabaki kwenye utando. "Si wetu huyu. Songa mbele!"

Akaenda kwa Kerengende. "Kaka, kiuno changu chembamba kama chako. Nipokee."

"Mabawa yangu manne, yako mawili. Mengine umeyaanika wapi? Si wetu huyu. Songa mbele!"

Akaenda kwa Mbu. "Shangazi, mabawa yangu mawili kama yako. Nipokee."

"Kwetu tunauma. Kamuume yule mtoto, nione."

Miguu-Nyuzi akatua shavuni kwa Mashavu. Akatembea polepole, kama anayepita penye mgonjwa. Mtoto akacheka. Miguu-Nyuzi akarudi kwa Mbu.

"Shangazi, sina mdomo wa kuuma. Na hata ningekuwa nao, yule nisingemuuma."

"Urefu wote huo wa bure! Si wetu huyu. Songa..."

"Ngoja!" Bi Jongoo akasogea. Nyuma ya mabawa ya Miguu-Nyuzi akaona vinundu viwili, vidogo kama punje za ulezi. Akainua bawa la Mbu: vinundu viwili. "Mbu, huyu ni ndugu yako. Ukoo mmoja, milango mbalimbali. Kuuma si ukoo, kuuma ni tabia yako tu. Mpishe atage!"

Mbu akapisha, amenuna. Jua lilikuwa limegusa matete.

Basi wanangu, mkimwona ukutani msimpige kandambili mkidhani ni mbu mkubwa. Mfanano si tabia. Mimi nami nilipita pale. Bi Jongoo alinihesabu miguu miwili, akanicheka mpaka akajikunja.

Mayai yale yalianguliwa yote.